Mafundi tairi wa mjini, nani kawaambia upepo unapunguzwa tairi ikiwa ya moto?

Madereva wenzangu wa Unguja, mie leo nasema, liwe liwalo. Gari imetoka Nungwi saa saba mchana na watalii na mabegi yao, ndio kwanza inazimwa, fundi kashatoa kibunduki cha kupimia joto, kaimulika tairi mara moja: "Hii imepanda bosi, itapasuka." Nimegeuka kutafuta chenji, nikirudi kashazipunguza zote nne. Kupima upepo kwa geji yangu, psi 33.

Ati kaona kwenye video za mbio za magari!

Basi aangalie mpaka mwisho. Wale mafundi wa mbio hutumia kipimo cha joto cha sindano, kinachomekwa ndani ya mpira gari ikiingia tu kutoka uwanjani, maana joto la juu juu hupotea upesi. Kila tairi hupimwa pahala patatu: bega la ndani, katikati, bega la nje. Katikati pakiwa moto kuliko mabega, upepo umezidi. Mabega yakiwa moto kuliko katikati, upepo haba. Bega la ndani peke yake likizidi mno, tazama ulalo wa gurudumu, lilivyoinamia ndani au nje, kabla hujagusa vali. Yeye kamulika pahala pamoja, kapata jibu la nini?

Tena wale wanapanga upepo wa moto kwa sababu tairi yao kazi yake ni motoni tu, na wakitoka wanapima tena. Mie naondoka alfajiri, tairi baridi.

Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 230 kPa, kama psi 33, na hicho ni kipimo cha tairi baridi. Ikifika Nungwi kusoma 36 au 37 ni kawaida yake. Ukiishusha moto mpaka 33, asubuhi una 29, na ndizo nilizozikuta. Tairi yenye upepo haba hujikunja mbavuni, na kule kujikunja ndiko kunakozidisha joto. Anaogopa ipasuke, na yeye ndiye anayeipeleka huko! Kashata, yale meno ya tairi, za pembeni nazo zinakwisha, za katikati bado nzima.

Nimemrudia, ananijibu, "Bosi, wewe hujui mambo ya joto." Yakhe, na pesa ya upepo kachukua!

Anayemjua fundi wa Amani au Mwanakwerekwe anayeuliza kwanza gari imetoka wapi kabla ya kugusa vali, aweke hapa.