Mrejesho: shemeji yenu na tafsiri ya mtihani wa MBA China

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza hapa jinsi mume wangu, Mchina, afanye mazoezi ya kutafsiri Kiingereza kwenda Kichina kwa mtihani wa Desemba wa kuingia MBA (shahada ya uzamili ya biashara) kwao. Kipande ni cha maneno kama 150, alama 15 kati ya 100 za Kiingereza.

Ushauri wa kutumia mitihani iliyopita, tangu 2010, ndio uliomfaa. Anasoma aya nzima kwanza, kisha anavunja sentensi ndefu: Kichina hutanguliza maelezo kabla ya nomino, kwa hiyo yakirefuka sana anayaundia sentensi yake. Na anaandika kwa kalamu. Simu imemsahaulisha herufi kibao! Ule wa kukariri tafsiri za mfano kautupa, namuunga mkono. Sasa insha ndiyo inamtoa jasho.