Kibali cha kuingiza majitaka yaliyosafishwa ardhini: mwezi wa 14 nazungushwa, wenye mashimo yasiyo na sakafu hakuna anayewagusa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo nimetoka tena ofisini mikono mitupu. Safari hii nimeambiwa majibu yangu ya maabara yamepitwa na muda. Yamepitwa na muda yakiwa ndani ya faili lao, kwenye kabati lao, miezi saba!

Nianzie mwanzo. Nina hosteli ya wanafunzi hapa Dodoma, pembeni ya mji, mtaa ambao bomba la majitaka halijafika. Vijana 44. Wanaoga, wanafua, wanakwenda choo kila siku. Nilijua kabla sijamwita fundi kwamba maji hayo si ya kumwaga shimoni na kusahau. Nikajenga septiki tenki ya vyumba vitatu, sakafu ya zege, kuta zimepigwa lipu yenye dawa ya kuzuia kuvuja. Yakitoka hapo yanaingia kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, yanakaa humo siku kadhaa, mizizi na vijidudu vinakula uchafu, ndipo yanafika kwenye mitaro ya kunyonya, yanakonywea ardhini. Hela niliyoweka pale ningeongeza vyumba vinne.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inataka kibali kwa anayeingiza majitaka kwenye chanzo cha maji, na maji ya chini ya ardhi ni chanzo. Niliisoma mwenyewe, hakuna aliyenifuata wala kunitisha. Nikachukua ramani ya mfumo, hati ya kiwanja, nikaenda kuomba.

Ofisi ya kwanza: kibali hicho ni cha viwanda, nyumba za kupangisha haziko kwetu. Ofisi ya pili: ni cha kwetu, ila lete barua ya ofisi ya kwanza. Nikarudi ya kwanza: hatuandiki barua kwa jambo lisilotuhusu. Wiki tano zimekwenda hapo, nauli juu yangu. Mwenyekiti wa mtaa akaniandikia yeye ndipo faili likafunguliwa. Wakaja kukagua, mafuta ya gari nikalipa mimi, risiti sijaiona hadi leo. Aliyekagua akahamishwa kituo. Aliyempokea akasema ripoti haioni. Mmoja anadai tathmini ya athari kwa mazingira, mwenzake meza ya jirani anasema kwa ukubwa wa hosteli yangu haihitajiki, na wote wawili hawataki kuweka kauli yao kwenye karatasi.

Majibu yenyewe ya maabara ni haya. BOD, yaani oksijeni ambayo uchafu ungeihitaji kuoza, ni miligramu 22 kwa lita. Kikomo cha nchi ni 30. Chembe zinazoelea 41, kikomo ni 100. Nimefaulu! Nilichokosa ni mtu wa kutia saini.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni neno nililoambiwa leo na kijana mmoja pale dirishani. Kaniangalia kwa huruma kabisa: "Mama, kwani si ungechimba shimo tu kama wenzako?" Hakuwa ananitania. Alikuwa ananishauri.

Wakuu, huyo ni mtumishi anayelipwa kulinda maji.

Dodoma tunakunywa maji ya ardhini. Makutupora ni visima, Nzuguni ni visima, na wengi wetu huku pembezoni tuna visima vyetu wenyewe. Mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, zote ndani ya miezi michache. Kumbukumbu za kina cha maji pale Makutupora, za zaidi ya miaka 50, zinaonyesha hifadhi ile haijazwi kila masika. Inajazwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Katikati ya misimu hiyo tunachota akiba tu. Sasa ukimimina kinyesi kwenye akiba hiyo, hakuna mvua ya kuja kukizimua mwakani.

Chini yetu ni matale, miamba migumu yenye nyufa. Penye udongo mnene vijidudu vingi hunaswa na kufa njiani, lakini maji yakiingia kwenye ufa yanasafiri bila kuchujwa. Na naitreti, inayotokana na mkojo na kinyesi, haichujwi hata na udongo mzuri. Haina rangi, haina harufu. Ukichemsha maji inabaki palepale, tena inazidi kukolea maji yanapopungua sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga hasa, maana damu yao inashindwa kubeba oksijeni na wanabadilika rangi kuwa bluu. Nami ningependa sana afisa aniulize habari ya naitreti ya mfumo wangu, nipo tayari kuipima hata kila miezi mitatu. Hajauliza hata mmoja. Wanauliza nakala ngapi na picha za pasipoti.

Hatua kama 30 kutoka ukuta wangu pana nyumba ya wapangaji, shimo refu lisilo na sakafu, limechimbwa hadi kwenye mwamba. Mwenyewe anajisifu kwamba halijai, hajawahi kuita gari la majitaka. Halijai kwa sababu linavuja! Bonde la chini yake kuna mama ana kisima, anauza maji ndoo kwa ndoo kwa mtaa mzima. Huyo jirani hana faili popote. Mimi mwenye faili ndiye niliyekumbushwa leo kwamba kuendesha mfumo bila kibali ni kosa na naweza kushtakiwa.

Naomba aliyewahi kupata kibali hiki kwa nyumba ya kupangisha, si kiwanda, aniambie: ulianzia ofisi ipi, walitaka nyaraka gani hasa, ilichukua muda gani? Na kama kuna mwanasheria humu, je, naweza kudai wanijibu kwa maandishi, iwe ndiyo au hapana? Jumatatu napeleka sampuli upya kwa hela yangu, na ninataka niingie pale nikiwa na cha kuwashikia.