Nimerithi bastola ya babu yenye kutu: nitaitambuaje, na niisafishe vipi?

Mrithi_Mgeni:
Wanajamvi, salaam. Tulipokuwa tukigawana vitu vya marehemu babu, nilikabidhiwa mkoba wa ngozi uliokakamaa, na ndani yake nikakuta bastola ya silinda ya kuzunguka yenye matundu sita. Kitako kina vibao viwili vya mbao, na cha kulia kimepachikwa kisahani kidogo cha shaba. Nyundo haina ile ncha ya kuvutia kwa dole gumba, hata nikadhani imevunjika. Upande mmoja umeshika kutu nyekundu, na chini ya uchafu naona kitu kama taji. Binamu yangu ameniletea msasa laini na kunihakikishia kwamba kwa saa moja itang'aa kama mpya. Kabla sijaugusa huo msasa, naomba ushauri wenu.

FundiKutu:
Mkuu, msasa uweke kando kwanza, kwa sababu hujatuambia jambo lililo kubwa kuliko kutu: je, umehakikisha kwamba haina risasi? Silaha za namna hii hufungiwa sandukuni zikiwa zimejaa, na baruti haifi kwa sababu tu mwenyewe amefariki. Ielekeze mahali ambapo haiwezi kumdhuru mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio, kisha utazame upande wa kushoto karibu na nyundo. Ukiona kikufuli cha kusukuma kwa dole gumba, hiyo ni bastola ya kuvunjika katikati: ukikisukuma, mtutu na silinda huinama mbele juu ya bawaba, na nyota iliyo nyuma ya silinda huinuka ikitoa maganda. Ikikataa kufunguka, usiigonge wala usiilazimishe.

Mrithi_Mgeni:
Kikufuli kipo upande huo huo uliousema, lakini hakisogei hata kidogo. Nimeirudisha mezani.

Karani_Mstaafu:
Basi iache hapo hapo mezani. Kibali cha marehemu kwa kawaida hakimfuati mrithi, na kukaa na silaha bila kibali ni kosa hata kama hukuinunua. Wapigie polisi simu, uwaeleze ulivyoipata na kwamba haifunguki, uwaulize iwafikie kwa njia gani. Usiingie nayo kituoni ukiwa umeishika mkononi.

Mtunza_Makumbusho:
Nyundo yako haikuvunjika, ndugu. Kwa maelezo yako nakisia ni Enfield No. 2 Mk I*, bastola ya jeshi la Uingereza. Toleo la awali, Mk I, lilikuwa na ncha ya nyundo, lakini toleo lenye nyota, la mwaka 1938, liliondolewa ncha hiyo, kwa hiyo hufyatuliwa kwa kuvuta kifyatulio moja kwa moja mpaka mwisho. Kisahani cha shaba ni cha kugongea alama za kikosi. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa juu, upande wa kulia chini ya nyundo: taji, neno ENFIELD, alama ya toleo na mwaka vitajitokeza kwa vivuli vyake. Ukiona nyota mbili badala ya moja, mwambie fundi mapema, kwa kuwa toleo hilo la 1942 liliondolewa kizuizi cha nyundo, likawa hatari likianguka, na baadaye likarudishwa likarekebishwa. Risasi yake ni ya .38 fupi, na haifai kubadilishwa kwa ile ndefu ya .38 Special.

Mpenda_Nikeli:
Mimi ningeipeleka ikapakwe nikeli, ikae sebuleni ndani ya kioo.

Mtunza_Makumbusho:
Ukifanya hivyo utakuwa umeifuta. Msasa na nikeli hula kingo za herufi, na bila herufi hizo mrithi atabaki na kipande cha chuma kisicho na historia. Hata weusi wake usidhani ni uchafu, kwani nyingi zilipakwa rangi nyeusi zilipokarabatiwa baada ya vita.

FundiKutu:
Sheria ikishakamilika na silaha ikithibitika kuwa tupu, vibao vya mbao vifunguliwe kwa bisibisi inayojaa barabara katika mfereji wa skrubu. Kutu ilowekwe kwa mafuta mepesi usiku kucha, kisha isuguliwe polepole kwa mswaki au brashi ya shaba. Pasipotoka, rudia mafuta, usiongeze nguvu. Lengo ni kuizuia kutu isiendelee, basi. Na tafadhali isirudi katika ule mkoba, kwa maana ngozi hunyonya unyevu, na nadhani kutu yote hiyo ilianzia humo.

Mrithi_Mgeni:
Wiki mbili baadaye, narudi na majibu. Polisi waliifuata nyumbani, na fundi wao akaifungua mbele yangu baada ya kuiloweka. ENFIELD, No. 2, Mk I*, 1940, nyota moja tu, na namba ya silinda inalingana na ya fremu. Itabaki kwao mpaka ombi langu la kibali lijibiwe. Matundu matano yalikuwa matupu. La sita lilikuwa na ganda lililokwisha kufyatuliwa, na katika ukoo mzima hakuna anayejua lilifyatuliwa lini. Ganda hilo nalo lisafishwe?

Mtunza_Makumbusho:
Lifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kitako cha ganda hilo kina herufi za kiwanda. Zinakili kabla hujazisahau.