Tupeane uzoefu: msimu mpya wa NHL, ligi ya mpira wa magongo wa barafuni ya Amerika Kaskazini, umekaribia, unaitarajia nini timu yako, na ni kisa gani kilichokufundisha kutarajia hivyo?

Wapenzi wenzangu wa mpira wa magongo wa barafuni, ni mwisho wa Septemba 2025, kambi za mazoezi zimefunguliwa, mechi za maandalizi zinaendelea, na Oktoba 7 msimu wa 2025-26 utaanza rasmi. Kwa siku hizi chache zilizobaki timu zote 32 zina alama sifuri, na hakuna shabiki anayeweza kumcheka mwenzake kwa msimamo wa ligi. Utabiri tumeusoma wa kutosha, kwa hiyo siuombi hapa. Ninachoomba ni kila mmoja ataje jambo moja analolitarajia kwa timu yake, kisha asimulie kisa cha misimu iliyopita kilichomfanya atarajie hilo na si jingine.

Nianze mwenyewe. Mimi ni shabiki wa Toronto Maple Leafs, timu ambayo mara ya mwisho kutwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, ilikuwa mwaka 1967. Aliyenifundisha mchezo huu ni mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani, ambaye mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka 12 na alidhani, kama watoto wote wa mji ule walivyodhani, kwamba kombe ni jambo la kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Usiku wa Mei 13, 2013 tulikaa pamoja kutazama mechi ya saba, yaani ya kuamua, ya mchujo dhidi ya Boston; katika mchujo anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayesonga mbele. Kipindi cha tatu tulikuwa tunaongoza kwa mabao 4 kwa 1, na mzee alikwisha kusimama kuvaa koti ili awahi nyumbani akiwa na furaha yake. Boston walifunga moja, kisha, zikiwa zimebaki dakika moja na ushei, wakafunga mengine mawili ndani ya sekunde 31, na katika muda wa nyongeza wakatumaliza. Mzee alikuwa bado amesimama, koti likiwa limeingia mkono mmoja tu.

Tangu hapo nimeona mengi yanayofanana na hayo, ikiwemo Mei mwaka huu tulipoongoza Florida kwa mechi 2 kwa 0 kisha tukafungwa mechi ya saba kwa mabao 6 kwa 1, tena nyumbani kwetu. Sasa Mitch Marner, aliyetupa alama 102 (mabao na pasi za mabao) msimu uliopita, amekwenda Vegas. Wengi wanasema tumedhoofika. Mimi natarajia jambo moja: timu ambayo, ikiongoza katika kipindi cha tatu cha mechi kubwa, haibadiliki na kuanza kucheza kama inayoogopa. Mzee wangu sasa ana miaka 70, na natamani aondoke uwanjani siku moja akiwa amevaa koti lake mikono yote miwili.

Mchangiaji wa 2, shabiki wa Buffalo Sabres

Ndugu yangu wa Toronto, pole, lakini wewe unazungumzia mechi ya saba. Sisi wa Buffalo mechi ya mwisho ya mchujo tuliyocheza ilikuwa Aprili 2011. Misimu 14 mfululizo tumebaki nje, na hakuna timu nyingine katika historia ya ligi hii iliyowahi kukaa nje muda mrefu kiasi hicho. Binti yangu alizaliwa majira yale ya kiangazi, na sasa ananizidi kimo bila kuwahi kuiona timu yake ikicheza mechi moja ya mchujo.

Watu hudhani kinachouma ni kufungwa. Kufungwa tumekuzoea. Kinachouma ni kuwatazama waliokuwa wetu wakishinda kwingine. Ryan O'Reilly tulimpeleka St. Louis mwaka 2018, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa mchujo mzima na kombe juu yake. Jack Eichel aliondoka mwaka 2021, akalitwaa na Vegas mwaka 2023. Sam Reinhart naye aliondoka mwaka huohuo wa 2021, na ndiye aliyeifungia Florida bao la ushindi katika mechi ya saba ya fainali ya 2024. Nilikuwa nikiitazama mechi hiyo na binti yangu, naye akaniuliza kama yule ni yule wa jezi iliyoko kabatini. Nikamjibu kuwa ndiye. Hakusema neno, akaenda kuitoa jezi, akaiweka mapajani mpaka mwisho wa sherehe zao.

Kisa kilichonifundisha kutarajia, hata hivyo, ni cha msimu wa 2022-23. Tulimaliza na alama 91, Florida wakamaliza na 92. Alama moja tu. Florida wakaingia kwenye mchujo kwa mlango huohuo mwembamba, wakaenda hadi fainali. Ukumbuke kwamba katika ligi hii timu inayofungwa katika muda wa nyongeza hupata alama moja, na kwa hiyo katika mechi 82 kuna jioni nyingi mno ambazo ungeweza kuzirudia kichwani na kusema, hapa ndipo alama yetu ilipopotelea. Mimi nimezirudia, hasa zile za Oktoba na Novemba ambazo watu huziona kuwa hazina uzito. Ndiyo maana sitarajii kombe, wala sitarajii mchezaji wa tuzo. Natarajia Novemba njema. Msimu uliopita mwisho wa Novemba ndipo tulipoanza mfululizo wa mechi 13 bila ushindi, na kufikia sikukuu za Desemba hapakuwa na la kusubiri tena. Nipeni timu ambayo siku ya mwaka mpya bado iko karibu na mstari wa kufuzu mchujo, nami nitaifuata kokote.

Mchangiaji wa 3, shabiki wa St. Louis Blues

Kaka wa Buffalo, nimekusoma kwa heshima, maana O'Reilly wenu ndiye aliyetufuta machozi sisi. Lakini naomba nikupinge kidogo kuhusu siku ya mwaka mpya. Asubuhi ya Januari 3, 2019, St. Louis ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima. Kocha alikwisha kufukuzwa Novemba, na mimi nilikuwa nimeshamwuzia jirani tiketi zangu za Februari na Machi, kwa kuona hakuna sababu ya kuendesha gari usiku kwa ajili ya timu iliyokufa. Siku nne baadaye akaanzishwa langoni Jordan Binnington, kijana ambaye wengi wetu hatukumjua, na hakufungwa hata bao moja. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Februari tukashinda mechi 11 mfululizo, jirani yangu akiwa ndani na mimi nikisikiliza redio. Juni 12 tukaifunga Boston kwao mabao 4 kwa 1, tukatwaa kombe letu la kwanza tangu timu ianzishwe mwaka 1967. Timu hiyo ilianza maisha yake kwa kufika fainali tatu mfululizo na kufungwa mechi zote 12, kwa hiyo wazee wetu walisubiri kwa namna ya peke yake.

Nasimulia upande wa pili pia ili nisionekane nimeshiba. Mei mwaka huu, katika mechi ya saba, tulikuwa tunaiongoza Winnipeg, nao wakasawazisha zikiwa zimebaki chini ya sekunde tatu, kisha wakatufunga katika muda wa nyongeza wa pili. Sikulala. Hata hivyo tiketi zangu za msimu huu nimezinunua zote, za Oktoba mpaka Aprili, na sitauza hata moja. Hilo ndilo tarajio langu, kwa timu na kwa nafsi yangu. Na kwa ndugu wa Toronto: kocha aliyetuongoza mwaka ule, Craig Berube, ndiye mnaye sasa. Timu yake ya 2019 haikuwa na woga wa kipindi cha tatu.

Mchangiaji wa 4, shabiki wa Edmonton Oilers

Langu ni fupi. Fainali mbili mfululizo, zote tumepoteza mbele ya Florida: mwaka 2024 katika mechi ya saba baada ya kufufuka tukiwa nyuma kwa mechi 0 kwa 3, na mwaka huu katika mechi ya sita. Ungedhani naomba kombe. Naomba saini. Mkataba wa nahodha wetu Connor McDavid unamalizika mwishoni mwa msimu huu wa 2025-26, na mpaka leo ninapoandika, Septemba 2025, hajasaini mwingine. Kaka yangu mkubwa alikuwa kijana Agosti 9, 1988, siku nyota wetu Wayne Gretzky alipouzwa Los Angeles, na mpaka leo anaweza kukueleza alikuwa amesimama wapi na nani aliyemwambia. Mimi sitaki kuwa na tarehe yangu.

Mchangiaji wa 5, aliyekuwa shabiki wa Arizona Coyotes

Mnazungumza kana kwamba timu itakuwepo daima. Nilikuwa ndani ya ukumbi wa Tempe Aprili 17, 2024, ukumbi wa chuo kikuu wenye viti visivyofika elfu tano, tulipoifunga Edmonton mabao 5 kwa 2. Baada ya kipenga cha mwisho wachezaji hawakuondoka. Walizunguka wakiinua magongo, wakawagawia watu vifaa vyao, na sisi tukabaki vitini kwa sababu kila aliyesimama alijua kuwa akitoka hatarudi. Kesho yake ikatangazwa rasmi kwamba timu imehamia Utah. Ilikuwa imeishi nasi tangu 1996, ilipotoka Winnipeg, na ninatambua kwamba machozi yetu ya mwaka ule ni yaleyale waliyoyalia watu wa Winnipeg kwa ajili yetu.

Je, natarajia nini? Mwaka wa kwanza sikutazama kitu. Mwaka huu nitamtazama Clayton Keller, ambaye sasa ni nahodha huko Utah, kwa kuwa nilimwona tangu akiwa kijana mdogo na sioni kwa nini nimnyime upendo kwa kosa ambalo si lake. Jezi yao mpya siivai. Lakini namwombea yeye afike mbali.

Mchangiaji wa 6, shabiki wa Minnesota, timu ya wanawake

Naomba tusisahau ligi ya wanawake, PWHL, iliyoanza Januari 1, 2024 na ambayo timu yangu imetwaa makombe yake yote mawili. Binti zangu wawili walikuwa nami Saint Paul katika mechi ya nne ya fainali ya kwanza. Tulikuwa katika muda wa nyongeza wa pili, Sophie Jaques akafunga, wachezaji wakatupa glavu na kofia barafuni, na binti yangu mdogo akanirukia shingoni. Kisha waamuzi wakatazama marejeo ya video, wakalikataa bao kwa kuwa kipa alikuwa ameguswa. Glavu zikaokotwa. Baada ya dakika moja hivi, Boston wakafunga la kwao. Mtoto alilia njia nzima, nami sikuwa na neno la kumwambia. Siku tatu baadaye timu yetu ikaenda Lowell, karibu na Boston, na kushinda 3 kwa 0.

Msimu huu zimeongezwa timu mbili, Vancouver na Seattle, na Jaques huyo amekwenda Vancouver pamoja na wengine wa kwetu. Wasichana wangu wamekasirika. Mimi natarajia kwamba siku Vancouver itakapokuja kwetu watamshangilia kwanza, kisha ndipo waizomee timu yake.

Mchangiaji wa 7, shabiki wa Columbus Blue Jackets

Nimesita kuandika. Agosti 29, 2024, mchezaji wetu Johnny Gaudreau na mdogo wake Matthew waligongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli, wakafariki wote wawili, mkesha wa harusi ya dada yao. Msimu ulipoanza, hakuna kati yetu aliyekuwa akizungumza habari za alama. Katika mechi ya kwanza ya nyumbani, dhidi ya Florida, wachezaji wetu walijipanga wanne tu na nafasi yake ya pembeni kushoto wakaiacha wazi. Kisahani kinachochezewa kilipodondoshwa barafuni hakuna aliyekigusa. Saa ikaachwa itembee sekunde 13, kwa kuwa 13 ndiyo namba ya jezi yake. Nimehudhuria mechi nyingi, na sijawahi kusikia uwanja ukiwa kimya namna ile.

Timu ambayo kila mchambuzi aliiweka chini kabisa ikaanza kushinda. Machi 1 tuliifunga Detroit katika uwanja wa wazi wa Ohio, mbele ya watu 94,751, na jioni ile niliamini. Mwisho tukashinda mechi sita mfululizo na bado haikutosha: Montreal walipata alama 91 na nafasi ya mwisho ya mchujo, sisi 89. Usiku tulipotolewa hatukuwa hata tukicheza. Tulikuwa tukitazama Montreal wakiifunga Carolina, nyumba nzima tukishangilia timu tusiyoijali, kisha tukanyamaza.

Kwa hiyo namwelewa vizuri sana kaka wa Buffalo na alama yake moja. Mimi natarajia alama mbili. Nataka mechi moja ya mchujo ya Aprili katika uwanja wetu, na namba 13 ikiwa juu ya barafu hiyo, ili vijana waliobeba msimu uliopita mabegani wapate kucheza usiku mmoja ambao hawakupewa.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru nyote. Leo jioni nimemsomea mzee wangu visa hivi, kimoja baada ya kingine. Aliniomba nirudie cha Columbus. Kuhusu Berube, alisema anaikumbuka St. Louis ile na kwamba atamtazama kocha huyo kwa jicho jingine. Toronto tunaanza Oktoba 8 nyumbani dhidi ya Montreal, na Buffalo wanaanza siku inayofuata dhidi ya New York Rangers. Ameniambia nimpitie siku zote mbili, kwa sababu ya yule binti mwenye jezi mapajani.