JKIA ya Nairobi, Bole ya Addis Ababa au Kigali: kitovu cha anga kitabaki kwa nani?

MzeeEmbakasi: Wakuu, ushabiki kando. JKIA imebeba kanda hii tangu Embakasi ilipofunguliwa 1958, lakini leo abiria wa Bujumbura au Lubumbashi akitaka Guangzhou anapitia Addis. Nairobi bado ina chake hapa?

KitiChaDirishani: Mimi naanzia njia ya kurukia. Bole wanazo mbili, JKIA moja. Ndege moja ikipasukiwa gurudumu pale, zilizo angani zinageuziwa Mombasa, na abiria wa kuunganisha ndege wote wameachwa. Halafu tangu moto wa Agosti 2013 ni viraka tu: Greenfield, lile jengo jipya la abiria, ikazinduliwa, ikafutwa 2016, Adani, kampuni ya India iliyotaka kuendesha JKIA, nao wakafutiwa Novemba 2024. Wenzetu wa Addis Januari 2019 walishazindua upanuzi wa jengo lao, abiria milioni 22 kwa mwaka.

BintiTanga: Kaka, Bole usiisifie sana. Iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Ndege iliyojaa haipai na mafuta ya kutosha kuifikisha Washington. Ndiyo maana kwenda inatua njiani kujaza, kurudi inakuja moja kwa moja. Nairobi iko chini kwa mita 700 hivi, na KQ (Kenya Airways) anaruka hadi New York bila kutua tangu Oktoba 2018.

KitiChaDirishani: Hapo sikubishii dada. Ila Wahabeshi wameliona, ndiyo hiyo Bishoftu, uwanja wao mpya: pako chini kuliko Addis, njia nne za kurukia, abiria milioni 60 kwa kuanzia.

MtuWaRemera: Mnatusahau. Bugesera, uwanja wetu mpya nje ya Kigali, Qatar Airways walikubali kuchukua asilimia 60 ya hisa mwaka 2019.

BintiTanga: Hongereni, lakini uwanja bila ndege ni ukumbi wa harusi bila bwana harusi. Sisi Dar tuna Terminal 3 tangu 2019, tumekuwa kitovu? Nenda Bole saa nne usiku uone: ndege za Afrika nzima zimeshashusha watu, foleni ya Ulaya huku, ya China kule, alfajiri mchezo unageuka. Ethiopian Airlines wana ndege zaidi ya 140. KQ Dreamliner zake, ndege za safari ndefu, ni tisa.

MzeeEmbakasi: Kwa abiria basi tumezidiwa. Kwenye mizigo bado tunatisha, maua ya Naivasha hayaendi kupandia Addis. Mimi ningepewa hela leo ningejenga njia ya pili, hayo majengo ya vioo yangesubiri.

MtuWaRemera: Ukishajenga, nauli ya Kigali–Nairobi itashuka? Saa moja na nusu hewani, bei kama naenda Dubai!