Maabara ya pamoja ya vitu vya nano Zanzibar, tuanze na mashine gani?

Mwana_makonyo:
Asalam aleikum. Sie tupo watu sita, walimu wa kemia na fizikia, wengine Unguja wengine Pemba, tunaandika andiko la kuomba pesa tufungue maabara moja ya pamoja ya vitu vya nano, vile vidogo mno vinavyopimwa kwa nanomita, yaani hata mtafiti wa nje ya chuo anaandikisha siku yake, anakuja na sampuli yake, analipia masaa, basi. Mimi nnachemsha makonyo ya karafuu natia silva naitreti, ile chumvi ya madini ya fedha, maji yanageuka kahawia mbele ya macho yangu, lakini chembe za silva zenyewe sizioni, hadubini ya kawaida inakomea kama nanomita 200 (milimita moja ina nanomita milioni) na zangu ndogo kuliko hapo, kwa hiyo kila mara nifunge kichupa nipande boti niende bara kubembeleza watu. Wenzangu wanataka hadubini ya elektroni, ile inayoangalia kwa elektroni badala ya mwanga, kwanza kabla ya kitu chochote. Mnaonaje?

fundi_vakyumu:
Kaka pole pole. Nimeitunza mashine hiyo miaka minne chuo kimoja bara, jina sitaji. Ile chemba lazma inyonywe hewa yote, pampu haitaki kuzimwa ovyo, umeme ukikatika ghafla unabaki kusoma dua. Yetu hata haikuharibika kitu kikubwa, uliungua kiwaya cha tangsteni kinachotoa elektroni, kama kile cha taa za zamani, bajeti ya vipuri hamna, ikakaa miezi minane imefunikwa shuka kama maiti. Na nyie mna chumvi hewani, unyevu wa masika, na umeme wenyewe unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, si mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilivyokaa giza? Kwenye andiko tieni mshahara wa fundi kabla ya mashine.

BintiJambiani:
Nakubaliana na fundi. Mie nilipeleka mwani uangaliwe, picha ikatoka nyeupe inawaka tu, kumbe mwani haupitishi umeme, elektroni zinajazana juu, inabidi upakwe dhahabu kidogo sana kwanza na kimashine cha kupakia kilikuwa kibovu. Nikarudi na picha za taa! 😂 Wewe wa makonyo anza na spektrofotomita, mashine inayopima sampuli inafyonza mwanga kiasi gani, silva ikiwa nano inafyonza mwanga wa urefu wa wimbi pale kwenye nanomita 400 na kitu, ukiona kilele cha grafu hapo ushajua chembe zimetoka, na mashine hiyo inatumiwa na watu wa maji, wa chakula, wa dawa, haikai bure.

Mtu_wa_Wete:
Swali la kijinga. Karafuu nyingi zinatoka kwetu, maabara mnaweka Tunguu huko Unguja, sie tuje na meli kufanya nini? Na hilo daftari la kuandikisha siku nani atalishika, maana nawajua, wenye chumba watajaza mwezi mzima majina yao.

Mwana_makonyo:
Sheikh hapo umenishika pabaya. Wa Pemba nawatengea siku zao na sampuli zinaweza kutumwa, daftari liwe mtandaoni kila mtu analiona. Hadubini naitoa kwenye andiko la mwanzo, nnajua kuna mtu atanuna. Binti, ule mwani uliukausha kwa oveni au juani tu?

BintiJambiani:
Oveni, digrii 60, usiku mzima. Juani unabeba mchanga wote wa pwani.