Alliance ya Kikuyu: ni nini hasa kiliikuza? (Tunaandika historia ya sekondari ya kanisa letu)

Msomaji_Limuru:
Salamu wanajukwaa. Kanisa letu linafadhili sekondari iliyoanza kwa harambee miaka ya 1960, na kamati imeamua kuandika historia yake. Tunaitazama Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu tarehe 1 Machi 1926, kama mfano. Shule ya Maseno ilianza 1906, na misheni nyingi zilikuwa na shule kabla ya Alliance. Kwa nini basi hii ndiyo iliyopaa? Na sisi tuanzie nyaraka zipi? Imani ya waanzilishi naijua na naiheshimu. Ninachotafuta ni habari za fedha, watu na sheria.

Mwl_Historia:
Anza na muungano. Misheni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu mwaka 1913, na mwaka 1918 zikaunda ushirikiano: Kanisa la Scotland, CMS (Church Missionary Society, misheni ya Waanglikana), Africa Inland Mission na Wamethodisti. Kila moja ilikuwa na shule zake za vijijini, lakini wanafunzi waliofikia kiwango cha sekondari walikuwa wachache mno kwa kila misheni, na mwalimu mwenye shahada ni gharama ileile awe na wanafunzi 5 au 30. Wakakubaliana kuwapeleka mahali pamoja, kwenye uwanja wa Waskoti hapo Kikuyu. Mwaka wa kwanza wavulana hawakufika hata 30.

Kisha ruzuku. Tume ya Phelps-Stokes, tume ya elimu kutoka Marekani, ilipita Kenya mwaka 1924 ikasisitiza serikali na misheni zishirikiane katika elimu. Fedha za serikali zilikuja na masharti yake, ukaguzi ukiwa mojawapo. Shule moja ya pamoja ilikuwa rahisi kuitimizia masharti hayo kuliko nne dhaifu.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni uongozi kukaa. Kwa miaka 36 shule ilikuwa na wakuu wawili tu: G. A. Grieves, 1926 hadi 1940, na Edward Carey Francis, 1940 hadi 1962. Carey Francis alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, na kabla ya Kikuyu alikuwa ameiongoza Maseno tangu 1928. Kwa hiyo alizijua kwa ndani shule zilizokuwa zikimletea wanafunzi. Tazama njia ya Jaramogi Oginga Odinga: Maseno, Alliance, Makerere, kisha akarudi Maseno kufundisha. Shule ya juu iliwarudishia shule za chini walimu, nazo zikaipelekea wanafunzi bora zaidi. Katika kitabu chenu tafuteni mnyororo wa namna hiyo: wanafunzi wenu wa mwanzo walitoka shule zipi za msingi, na wangapi walirudi kufundisha huko?

Nyokabi_K:
Mwalimu, naongeza upande ulioachwa. Sekondari ya wasichana, African Girls' High School, ambayo leo ni Alliance Girls, ilifunguliwa mwaka 1948. Ni miaka 22 baada ya wavulana. Historia inayosifu muungano wa makanisa ni lazima iseme pia kwamba kwa miaka hiyo yote msichana hakuwekewa mlango wa namna hiyo. Msomaji, kama shule yenu ni ya mseto, hesabuni wasichana mwaka kwa mwaka kutoka kwenye rejista, na muangalie bweni lao lilijengwa lini. Mara nyingi idadi yao hupanda mwaka bweni linapokamilika, na hapo utaona kilichokuwa kikiwazuia.

Karani_Nyaraka:
Kuhusu sheria, kuweni waangalifu na neno "shule yetu". Tume ya kuajiri walimu, TSC, iliundwa mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaliacha kanisa likiwa mfadhili katika shule za umma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 (Basic Education Act, inayohusu sekondari pia), kifungu cha 27, inampa mfadhili nafasi ya ushauri wa kiroho, pamoja na kuweka kasisi kwa gharama zake mwenyewe, huku akilinda imani ya wanafunzi wa madhehebu mengine. Katika bodi ana wawakilishi 3. Mwalimu mkuu huwekwa na TSC. Pia angalieni hati miliki ya ardhi iko kwa jina la nani kabla ya kuandika sentensi yoyote kuhusu umiliki. Kijitabu cha jubilei kinaweza kuletwa kama ushahidi kwenye mgogoro.

Nyaraka: rejista ya uandikishaji ndiyo mama. Ina namba, tarehe, na mara nyingi shule alikotoka mwanafunzi. Halafu mihutasari ya bodi, barua ya usajili kutoka wizarani, ripoti za ukaguzi. Kwa shule ya harambee, vitabu vya stakabadhi na mihutasari ya parokia vina thamani kubwa, kwa sababu hapo ndipo majina ya waliotoa mabati na mawe yalipo. Makavazi ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, yana faili za idara ya elimu. Edinburgh na Birmingham kuna kumbukumbu za Waskoti na za CMS, lakini shule ya miaka ya 1960 haianzii huko.

Pigeni picha kila ukurasa pamoja na jalada lake, la sivyo baadaye hamtajua umetoka kitabu kipi. Karatasi iliyochanika msiibandike kwa selotepu, gundi yake huila karatasi na kuacha doa la manjano.

Msomaji_Limuru:
Asanteni sana. Mzozo wetu mkubwa ni tarehe ya kuanzishwa. Wazee wana mwaka mmoja, wizara ina mwingine.

Karani_Nyaraka:
Huenda wote wana haki. Tenganisheni tarehe 4: mkutano ulioamua, siku darasa la kwanza lilipokaa, usajili, na mtihani wa kwanza wa taifa. Shule nyingi za harambee zilifundisha kwanza, zikasajiliwa baadaye. Ziandikeni zote, kila moja na karatasi yake. Kwa jubilei chukueni siku ya mwanafunzi namba 1 kwenye rejista, na kama rejista ya kwanza imepotea, semeni hivyo waziwazi kitabuni.